Bima ya Baba Mkwe

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Chifu wetu, Mchungaji, Bi. Drusilla uliyesimamia mafunzo haya ya mtandaoni ya wahudumu wa afya wa kijiji, wahitimu wetu, na nyinyi majirani wa Magwagwa mlioanza kunusa pilau: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake. Mlio nyuma kama hamnisikii semeni, maana nimefundisha darasa la watoto themanini bila kipaza sauti.

Mimi ni Nyakerario, mwalimu mstaafu, mke wa Alfayo Okemwa tuliyemzika Agosti. Nimeombwa niseme kwa niaba ya familia za wahitimu. Nadhani mlitarajia maneno matamu. Mtaniwia radhi, leo sinayo.

Mafunzo yalikuwa mema, na asiyesema hivyo ana kijicho. Mkaza mwana wangu Maureen aliyasoma yote kwa simu, akipanda hadi kituo cha kupimia majani chai kutafuta mtandao, mtoto mgongoni. Kisha akazunguka nyumba kwa nyumba akiandikisha watu bima ya afya. Nyangate, hebu simama wakuone. Mwaka jana mama huyu alikuwa akibebwa kupelekwa kanisani. Maureen akamwandikisha, akapasuliwa nyonga, na leo anachuma chai kunishinda. Keti, mama.

Lakini somo mojawapo lilisema, anza na nyumba yako. Aliyelitunga ni mtu mwema, ila nauliza: je, huyo mtu ana wakwe? Maana simu ile ya kuandikishia haitaki jina tu. Inauliza mzee anatumia choo cha aina gani, ana wake wangapi, nani analala chumba kipi. Na inamtaka mwenyewe ajibu kwa kinywa chake, kisha atazamwe usoni apigwe picha. Sisi Abagusii tuna chinsoni, heshima kati ya mtu na mkwewe. Mke wa mwana hamkazii macho baba mkwe. Mambo ya choo na kitanda hayataji mbele yake. Basi angeanzia wapi, jamani? Maureen aliandikisha kijiji kizima, akaliruka boma letu.

Alinituma mimi nimwombe mzee. Nikamwomba. Alfayo alicheka hadi akakohoa, kisha akasema huyo mtoto anampenda, lakini habari za choo chake hatamuuliza. Akaahidi kwenda Kisii mjini akaandikwe na mgeni asiyemjua. Ikaja chai ya kuchuma, ikaja mvua, ndizi zikaanguka, na safari ikawa ya kesho kila siku. Kumbe wakati wote huo mkojo ulikuwa unamtesa na ananificha. Mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo nimewafundisha watoto wenu maisha yangu yote, ikaja kunifundisha mimi nyumbani kwangu.

Tulipomfikisha hospitalini tukaambiwa ni upasuaji, na bima hana. Wanangu wakatoka nje kunong'onezana habari ya kuuza shamba la chai. Alfayo aliwasikia dirishani. Akavaa viatu vyake mwenyewe, akaniambia, "Nyakerario, twende nyumbani. Watoto hawa watakula nini, kaburi langu?" Nilimsihi, nikalia, nikamkasirikia mbele ya wauguzi. Tukarudi. Hakumaliza mwezi. Naumia, Mheshimiwa, na sioni haya kulisema mbele yako.

Tangu mazishi Maureen hajaingia jikoni kwangu. Simu ya kazi ameirudisha kwa Bi. Drusilla. Leo amekuja kwa sababu nilikataa kuja bila yeye, na ameketi pale mlangoni, tayari kutoroka. Ameniambia cheti hatakipokea na kazi hii ameiacha, kwa kuwa mikono iliyoandika watu wote ilimwacha baba.

Sasa nyinyi wahitimu, nijibuni. Nani kati yenu hajamwandikisha baba mkwe wake? Inueni mikono. Ashley, usimtazame mwenzako, inua. Naona hata Cynthia aliyeongoza darasa. Haya, shusheni. Mheshimiwa, umeiona mikono hiyo? Kila mkono ni mzee aliyeketi nyumbani bila bima kwa sababu anaheshimiwa mno.

Sisemi chinsoni zitupwe. Zimetulea. Nasema badilishaneni: Cynthia aende kwa mkwe wa Ashley, Ashley aende kwa mkwe wa Cynthia, na iwe wiki hii, kabla mvua haijawa kisingizio. Bi. Drusilla, waambie wenzako wa Nairobi waongeze somo hilo. Na wa kulifundisha mnaye hapa ukumbini, akikubali kubaki. Hakuna anayelijua kama yeye.

Maureen, mwanangu. Hukumuua baba yako. Siku ya mwisho aliyoweza kuzungumza alinishika mkono akasema, "Mtoto yule asilaumiwe. Angeniuliza, ningekimbia." Nimekaa na maneno hayo hadi leo kwa sababu hukunipa nafasi ya kukuambia, nami nimechoka kusubiri.

Mimi nami sijaandikwa, ingawa kati ya mke wa mwana na mama mkwe chinsoni hazizuii. Tulikuwa tuandikwe pamoja, mimi na yeye. Simu yako ninayo hapa mkobani, Bi. Drusilla amenipa. Njoo mbele, uichukue. Naambiwa swali la kwanza ni jina, na linalofuata ni hali ya ndoa. Neno la kulijibu halijatoka kinywani mwangu tangu Agosti. Kila aliyeniuliza nilimgeuzia mazungumzo. Sitaki kulitamkia ofisini, mbele ya mtu asiyemjua Alfayo. Nataka unisikie wewe, uliandike kwa mkono wako.

Mheshimiwa na wageni wetu, asanteni kwa kunisikiliza na kunivumilia. Maureen, niulize.