Bi Sihaba binti Mwinshehe, Mwalimu wa Unyumba

Wasifu uliosomwa na Alawi bin Rajabu, mtoto wa kaka yake, kwenye hitima, Dunda, Bagamoyo, Jumapili tarehe 17 Machi 1957

Marehemu Bi Sihaba alizaliwa Kaole mwezi wa Juni 1914, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Mwinshehe, mkulima wa minazi, na mkewe Bi Mwanabaraka.

Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi. Mwaka 1928 baba yake alimpeleka Dar es Salaam, kwa mama yake mdogo, akasome shule ya wasichana. Majirani walimwuliza mzee kama ana haja ya karani wa kike. Akawajibu kuwa anataka mtu wa kumsomea barua zake bila kuzitangaza mtaani.

Januari 1935 alianza kufundisha shule ya wasichana hapa Bagamoyo, akiwa mwalimu pekee wa kike. Miaka minne baadaye serikali iliagiza wasichana wafundishwe unyumba na malezi. Agizo lilifika, vitabu na vifaa havikufika. Marehemu alinunua boga, akalifunga kanga, akawafundisha wanafunzi kumwogesha mtoto. Aliyeliangusha alitumwa nyumbani kwao kueleza ajali ilivyotokea. Ijumaa moja boga lilipasuka, likapikwa kwa nazi, na mji mzima ukasikia kwamba darasa la Bi Sihaba limekula mtoto wake. Kungwi wetu, Bi Somoe, alimwendea marehemu kulalamika kwamba shule inamnyang'anya kazi. Walizungumza wawili tu, wakapatana: jiko, usafi na ulezi vifundishwe shuleni, mambo ya chumbani yabaki kwa makungwi. Kina mama waliotoka katika darasa lile wamo humu ndani leo.

Mwaka 1944 Bwana Msabaha, karani wa forodha, alileta posa. Marehemu alimtaka, na nyumba nzima ilijua. Lakini kanuni ya serikali ilisema mwalimu wa kike akiolewa ataacha kazi, na darasa lile halikuwa na mwingine. Alimwomba Bwana Msabaha asubiri miaka miwili, mpaka apatikane mwalimu. Bwana Msabaha alisubiri mitatu. Mwalimu hakuletwa. Mwaka 1947 Bwana Msabaha alihamishiwa Pangani, akaoa huko. Marehemu aliwapelekea mkeka aliousuka mwenyewe.

Mwezi wa Februari 1951 ulikuja waraka mwingine, uliogeuza kanuni ile: somo la unyumba lifundishwe na mwanamke aliye katika ndoa. Mwalimu mkuu alimsomea huku macho yake yakiwa kwenye karatasi, akaongeza kwamba kanuni hakuitunga yeye. Marehemu alimjibu:

"Nilipotaka kuolewa mliniambia nichague. Nikachagua. Leo mwaniuliza mume yuko wapi?"

Serikali iliyomzuia kuolewa ndiyo iliyomhukumu kwa kutoolewa. Hili litasemwa hata kama kuna wakubwa waliokuja kutupa pole, na pole yao tumeipokea.

Alibaki na hesabu na kusoma. Unyumba alipewa mke wa karani mmoja, mtu mwema, ambaye kila Alhamisi alimtuma mwanafunzi avuke uwanja kumwuliza Bi Sihaba maji ya mtoto yachemshwe kiasi gani, au uji uwe mzito vipi. Marehemu aliandika jibu kwenye kibao, akakirudisha. Hivyo alilifundisha darasa lake miaka mitano bila kuingia ndani. Jioni alikula peke yake. Alizoea kupika cha watu wawili, na asubuhi akawapa kuku kilichobaki.

Novemba 1956 miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari wa Dar es Salaam walisema ni moyo. Alirudi Januari, akauguzwa nyumbani kwa kaka yake. Mwandishi wa wasifu huu, aliyetoka chuoni akiwa na maneno mengi juu ya haki, alimwambia kuwa alifanya vema kuchagua wanafunzi, na kwamba kizazi chetu kitamheshimu kwa hilo. Marehemu alimjibu:

"Alawi, mwanangu, ukiniandika usinipambe. Ningejua, ningeolewa. Msabaha alikuwa mtu wa kunichekesha."

Alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, alfajiri, akazikwa Kaole siku ileile baada ya sala ya alasiri.

Ameacha kaka mmoja, Mzee Rajabu. Wifi yake, Bi Mardhiya. Na watoto watatu wa kaka yake. Mume hakuacha. Mtoto hakuacha. Wanafunzi mia mbili na kumi na saba wameandikwa kwa mkono wake katika madaftari ya shule, lakini walikuwa na mama zao, na jioni walirudi kwao.

Ewe Mola, mpokee mja wako Sihaba, umpumzishe kwa amani, wala usimwache peke yake. Amin.