Linus Makokha Khisa, Sauti ya Chini ya Ashland Larks

Ndugu na marafiki, nyinyi mlioomba ruhusa kwa madam na nyinyi mliobadilishana zamu ili mfike hapa Oud Metha, Dubai, leo Jumamosi, tarehe kumi na tano Novemba 2025, mimi naitwa Roselyne, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwaeleza alivyoishi. Nimeandika kwa mkono wangu na nitasoma mwenyewe, kwa hiyo nikienda polepole mnivumilie, sitaruka neno.

Linus alizaliwa tarehe 3 Aprili 1979 nyumbani kwetu karibu na Kamukuywa, Bungoma, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Barasa Khisa na Mama Robai Nekesa, ambaye yuko hai na anausubiri mwili. Alianza shule ya msingi mwaka 1986 na kumaliza 1993, akaendelea na sekondari ya kutwa mpaka 1997, akapata C, ambayo kwa nyumba yetu wakati huo ilikuwa sherehe. Alifanya vibarua Webuye miaka kadhaa, na tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na Ivy Naliaka, Mungu akawapa watoto wawili, Caren aliyezaliwa Novemba 2005 na Frida aliyezaliwa Juni 2009.

Tarehe 11 Februari 2008 alifika Dubai kama askari wa ulinzi, akalinda kwanza maghala kule Airport Freezone, na mwaka 2011 kampuni ikamhamishia hoteli moja ya Deira. Mimi nilimfuata mwaka 2010, nikapata kazi ya nyumba hapa Oud Metha, na kila siku yangu ya kupumzika nilikuwa naenda mtaa wa Naif, kwenye chumba alichokaa Linus na wengine wengi, tunapika ugali pamoja kwenye lile jiko la wote.

Sasa nafika mahali ambapo familia haikutaka nifike. Jumatano kaka yetu Jeremy alipiga simu kutoka nyumbani, akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea, akasema, “Rose, andika askari, ishia hapo. Ukisoma hayo mambo ya kuimba na Wamarekani, watu watasema tumezika mwongo.” Sikumlaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa na shaka, na shaka yangu ilikuwa ya miaka mingi.

Kuna kundi la kuimba la Marekani linaitwa Ashland Larks. Habari zao nimezisoma mwenyewe kwenye simu, zamani ningemwomba mtu anisomee na angenisomea anachotaka yeye. Lilianza mwaka 1957 katika mji wa Baltimore, vijana wanne wa shule waliokuwa wanaimba kwenye ngazi za jengo lao kwa sababu kuta zilirudisha sauti vizuri, bila gitaa, bila ngoma, mmoja anabeba maneno, wawili wanamwitikia katikati, na wa nne yuko chini kabisa anafanya kazi ya ngoma kwa mdomo. Mwaka 1959 wimbo wao ulipigwa redio zote, na mwaka 1961 meneja wao akasema jina la kundi ni lake, akawafukuza, akatafuta vijana wengine wanne waliojifunza zile sauti kutoka kwenye sahani za santuri, akawavalisha suti zilezile. Mpaka leo Marekani kuna makundi matatu yanayoitwa Ashland Larks, na kila moja linasema lenyewe ndilo la kweli. Nilipofika hapo nikaweka simu chini, nikasema, Linus, umeingia kwa watu gani.

Kundi moja kati ya hayo lilikuja kwenye ile hoteli ya Deira mwaka 2012, likiongozwa na Mzee Ken, ambaye anasema yeye ni mmoja wa wale vijana wanne wa ngazi. Wenzake walirudi kwao mmoja mmoja, huyu mgongo, yule wajukuu, na nafasi zao zikachukuliwa na Adib wa Mombasa, anayefanya kazi ghala la Freezone, na Jun, Mfilipino wa mgahawa wa palepale hotelini, na Machi 2013 akaingia Linus, ambaye alikuwa analinda mlango wa nyuma wa ukumbi na Mzee Ken alimsikia akiitikia kutoka nje. Hivyo ndivyo Linus alivyotueleza. Sasa jiulizeni kama nilivyojiuliza mimi, kundi la Marekani gani hilo, lenye Mluhya, Mswahili na Mfilipino.

Hata picha hakuwa nayo. Tangazo la hoteli liliandikwa kwamba waimbaji wametoka Marekani, kwa hiyo jukwaani Mzee Ken ndiye aliyeongea, wengine waliambiwa watabasamu tu, na mfanyakazi kupiga picha ukumbini ilikuwa marufuku. Linus alipoenda likizo mwaka 2014, Ivy alikuta suti nyeupe ndani ya sanduku, akamuuliza ni harusi ya nani, na jibu alilopewa hakuliamini, akanipigia mimi nichunguze. Aliporudi kazini nilienda mpaka hoteli, nikamkuta Linus mlangoni na sare ya askari, anaonyesha magari pa kusimama. Niligeuka bila kumsalimia, nikawaambia nyumbani nilichoona. Kuimba kulikuwa Alhamisi jioni, na mimi nilikwenda Jumatatu mchana.

Lakini kilichotumaliza kabisa ni kuimba kwenyewe. Krismasi ya 2016 pale Naif watu walimwambia, yalla, haya mwimbaji, tuimbie basi, akasimama, akafumba macho, akaanza dum, dum-dum, akanyamaza, tena dum, akanyamaza zaidi, mpaka mwisho hatukusikia neno hata moja. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje, na tangu siku hiyo akaitwa Jenereta. Mimi nilimuuliza, wimbo uko wapi, akanijibu bila hasira, “Hiyo ndiyo yangu, dada. Hizo zingine zina wenyewe.” Na ngurumo hiyohiyo nimeisikia jikoni miaka yote, akisonga ugali, nikajua ndugu yangu hajui kuimba na anatudanganya.

Machi 2024 miguu yake ilianza kuvimba, hospitali wakasema ni figo, akawa anasafishwa damu kila wiki, na waliompeleka na kumrudisha kwa zamu ni Adib na Jun. Aliaga dunia Jumapili tarehe 9 Novemba 2025 asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita.

Jana mchana Mzee Ken, Adib na Jun walikuja hapa ukumbini kufanya mazoezi ya leo, na mimi nikaja, si kuwakaribisha, nilikuja kuwachunguza. Niliketi nyuma nikawasikiliza. Waliimba vizuri, lakini kila baada ya maneno machache walinyamaza wote, vichwa vinatikisika, halafu wanaendelea. Nikafikiri wamesahau. Nikamwambia Adib, mbona mnakatika katika, na kesho kuna watu.

Adib akaniambia, “Hatukatiki, dada. Hapo ni pa Linus.”

Niliwauliza kwa nini mwingine asipajaze, na Adib akanieleza kwamba Mzee Ken, tangu yale ya meneja, ana sheria yake, kila mtu anafundishwa sauti yake peke yake na haruhusiwi kumfundisha mwingine, ili asije mtu akamfukuza mwenzake na kuweka mwingine mahali pake. Yeye Adib ya Linus haijui, na Jun haijui. Nikawaomba waanze tena. Safari hii walipofika pale pa kunyamaza mdomo wangu ulifunguka wenyewe, dum, dum-dum, na palepale wakaingia na maneno, nikanyamaza, nikarudi tena, na haikugongana hata mara moja. Ilikuwa ni ile ya jikoni, yote, na kule kunyamaza kwake kote, na ndani ya kila kimya kulikuwa na wimbo.

Mzee Ken alisimamisha kila kitu. Alinitazama vibaya sana, akauliza kwa Kiingereza nani amenifundisha na nimetumwa na kundi gani kati ya yale mengine mawili. Jun akacheka, akamwambia huyu ni dada wa Linus. Nami nikajibu kwa Kiingereza changu kwamba hakuna aliyenifundisha, nilikuwa napika naye tu. Mzee aliketi chini.

Sikumpigia Jeremy tena kuomba ruhusa. Yuko hapa anatusikiliza kupitia simu ya Adib, na ninamwambia mbele yenu, kaka, hili nimelipima mwenyewe, na nimeliandika, na halifutiki. Mzee Ken kama ni wa kundi la kwanza au la tatu mimi sijui, bado ninamchunguza, hata sasa ameketi hapo mbele na ninamwona. Lakini marehemu, Linus Makokha Khisa, alikuwa askari wa ulinzi, na alikuwa mwimbaji wa sauti ya chini wa Ashland Larks kuanzia Machi 2013 mpaka mwaka huu, na mkifika Kamukuywa semeni hivyo hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomsafisha damu bila kumchoka, askari wenzake waliosimama zamu zake alipoumwa, majirani wa Naif waliomwita Jenereta na waliombebea pia maji mpaka juu, madam wangu aliyenipa siku hizi zote, na Adib na Jun. Ivy, Caren na Frida wanawashukuru pia, mwili unasafiri kesho na utazikwa nyumbani Alhamisi.

Hao watatu wataimba sasa. Mimi siingii, wakifika pale pa Linus nitanyamaza kama wao. Wakinyamaza katikati msipige makofi, hawajamaliza, subirini.

Ndugu yangu Linus, zamu yako umeimaliza yote, lala, upumzike na Mungu.