Fundi na Salamu za Mkwe

Benchi mbele ya kibanda cha Fundi Cherehani lina miguu mitatu na tofali, na kila jioni hubeba watu wazito wa maneno. Jioni hiyo Fundi hakugusa kahawa yake. Bintiye anaolewa wiki ijayo na kijana wa Kihispania, na asubuhi, kwa kiherehere chake, aliiandikia simu "How are you?" ili imtafsirie, akamtumia mama wa kijana. Baadaye ndipo binti akamwambia: Kihispania kina "tú" ya kuzoeana na "usted" ya heshima, na mkwe huambiwa "usted". Simu ilikuwa imetoa ile ya kuzoeana.

— Nimemvunjia mkwe heshima hata sijamwona, alisema Fundi.

— Kosa ni la Kiingereza, alisema Profesa, aliyewahi kupika kwenye meli ya Wahispania na hajaacha kusimulia. Hakina adabu kile. Babu "you", mbuzi "you".

— Hiyo "tú" wanaambiana akina nani? aliuliza Kinyozi.

— Marafiki, watoto, na wapenzi.

Kinyozi akashika kichwa.

— Mungu wangu! Fundi, umemtongoza mkweo!

— Mume anaye? aliuliza Mama Kahawa, akimimina.

— Anaye. Mwanajeshi mstaafu.

— Ohoo! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Atakuja na bunduki, na wewe upone ukiweza!

— Dawa ni kumtumia "usted" mfululizo mpaka alainike, alisema Profesa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na mzee umshonee suti, Kinyozi akadakia. Akivaa kazi ya mikono yako, ataona haya kukupiga.

Fundi hakucheka. Alikuwa amemlea binti huyo peke yake tangu mama yake afariki, na aliogopa binti asije akapokelewa kule kama mtoto wa mtu asiye na adabu.

Hapo akafika Nesi kuchukua sare yake. Akasikiliza, akauliza:

— Kwani huyo mama amejibuje?

Jibu lilikuwa limeingia tangu mchana, ujumbe wa sauti, na Fundi hakuthubutu kuufungua. Nesi akainyooshea simu kidole. Fundi akabonyeza, wote wakainama.

Kihispania kidogo. Mtu akakohoa. Kisha polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni: "Shi-ka-moo, baba."

— Anakuamkia wewe? Kinyozi akaruka. Si yule uliyetuonyesha kwenye picha, mwenye mvi kichwa kizima?

Fundi akacheka mpaka machozi, akayafuta kwa suruali ya mteja. Moyo ukamtulia kabisa. Kumbe hata kule kuna mtu alikuwa anahangaika asimkosee.

— Haya, Profesa, akauliza Nesi, mtu mzima akikuamkia hivyo, unamwitikiaje?

Profesa akanywa kutoka kikombe kitupu. Kinyozi akatazama tofali. Mama Kahawa alikuwa ameshafunika birika.

Fundi akaisogeza simu mdomoni.

— Marahaba, mama, alisema, kisha akaongeza haraka: Na wewe, shikamoo.