Aliyezishuku Taa za Angani: Bi Prudencia Bagenda Anastaafu

Tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bi Prudencia Bagenda atakabidhi funguo za Dawati la Taarifa za Anga katika Kituo cha Vipimo vya Anga na Ziwa, Pasiansi, na kustaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na tisa. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ile ya ofisi ya utumishi ilipungua siku tatu, akairudisha mara mbili mpaka ikarekebishwa.

Wasifu huu umeandikwa na Paulo Luhende, mpimaji wa upepo, aliyekaa naye chumba kimoja tangu mwaka 2014. Mhusika aliomba kuusoma kabla haujachapwa. Ukurasa wa kwanza ulirudi ukiwa na wino mwekundu kuzunguka neno "mahiri", na pembeni ameandika: "Ushahidi?" Neno hilo limeondolewa. Kurasa zilizofuata hakuonyeshwa, na bila shaka anahisi kuna jambo.

Bi Bagenda alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, katika familia ya wakulima wa migomba na kahawa. Aliajiriwa Aprili 1991 kama karani wa vipimo vya mvua. Mwaka 1998 mkuu wa kituo wa wakati huo, akiwa amechoshwa na simu za wananchi walioona taa wasizozielewa angani, alimpa jalada moja jembamba na kumwambia alishughulikie kwa muda. Leo majalada hayo ni kumi na matatu, na yeye bado anasema alipewa kwa muda.

Kazi ilikuwa hii: raia, rubani, askari au mwenyekiti wa mtaa akitoa taarifa ya taa isiyojulikana, Bi Bagenda alikwenda kutafuta ni nini. Alikwenda kwa basi, kwa boti, na mara nyingi kwa miguu. Wenye taarifa walipenda kuanza na ile methali ya lisemwalo lipo. Yeye aliwajibu kwamba sawa, lipo, ila liko wapi. Swali lake la kwanza halikuwa umeona nini. Lilikuwa ulisimama wapi, na hakuridhika mpaka mtu huyo amempeleka akasimama naye palepale, nyayo kwa nyayo, hata kama ni kwenye matope.

Kwa njia hiyo aligundua kwamba taa nyekundu iliyoning'inia juu ya Nyakato kwa mwezi mzima ilikuwa ya mnara mpya wa simu. Alimweleza mchungaji mmoja, kwa upole kiasi, kwamba nyota iliyosimama juu ya kanisa lake kila Ijumaa ilikuwa sayari ya Zuhura, na kwamba waumini wa makanisa mengine nao walikuwa nayo. Abiria wa stendi ya Buzuruga walipoona taa zaidi ya hamsini zikipita kwa mstari mmoja, wengine wakapiga magoti na wengine wakaachwa na mabasi, ni yeye aliyewaonyesha kwamba ni satelaiti zilizorushwa wiki ile. Karabai za wavuvi wa dagaa, zinapoakisiwa na mawingu, zimemchosha kuliko kitu kingine chochote duniani. Kati ya taarifa mia nne na kumi na mbili, kumi na moja bado zimeandikwa "haijathibitishwa". Ukimtania kwamba hizo ndizo za viumbe wa sayari nyingine, atakuuliza wewe ulisimama wapi.

Si taa peke yake alizozishuku. Mama huyu hajawahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kopo la sukari la ofisi lina mistari ya kalamu inayoonyesha ilipokuwa imefika jana. Hauamini utabiri wa kituo chetu wenyewe, ndiyo maana hubeba mwavuli Julai. Tulipomshtukiza na keki siku ya kuzaliwa kwake, hakuigusa mpaka alipojua ni nani aliyetupa tarehe. Aliyetupa ni mimi, na nilikipata cha moto kwa wiki mbili.

Haya ni mambo ya kucheka, na tumeyacheka sana. Lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli usipoeleza taarifa namba 287, ya mwaka 2016, ambayo watumishi wengi wanaijua nusu, na nusu hiyo wanaijua vibaya.

Kijiji cha Nyamhalo kiko ng'ambo ya maji, mkabala na kituo chetu. Jumamosi tatu mfululizo, watu waliokuwa mwaloni, pale ufukweni boti zinapotia nanga, wakinunua samaki waliona taa nyeupe ikipanda polepole kutoka nyuma ya paa la Bi Ng'washi Luhaga, mjane wa miaka sabini na minne aliyeishi peke yake kwenye rasi. Taa ilipanda, ikawajia, kisha ikazimika. Tunaoishi huku hatuhitaji kuambiwa maneno yaliyofuata. Mjane, peke yake, macho mekundu ya moshi wa jikoni: tayari ana kesi ya uchawi.

Mtendaji wa kijiji, Bwana Josephat, alifanya jambo la busara. Aliandika barua kutuuliza kama kituo kilikuwa na chombo chochote angani Jumamosi zile, saa mbili usiku. Bi Bagenda alifungua daftari la vipimo. Kila Jumamosi puto la kupimia upepo lilikuwa limerushwa saa kumi na mbili jioni, mchana bado upo, bila taa. Akajibu kwamba kituo hakikuwa na kitu angani saa hiyo. Akasaini, akapiga muhuri.

Barua ilisomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Watu wakakata shauri: kama si chombo cha wataalamu wa Pasiansi, basi ni cha Bi Ng'washi. Alipewa mpaka Jumapili ya wiki iliyofuata awe amehama, la sivyo atengwe: asiuziwe kitu, chake kisinunuliwe, asipewe moto wala maji. Na katika nchi yetu hii, bibi aliyetengwa huwa hafi kwa njaa. Huja watu na mapanga wakamwahi.

Aliyetupigia simu ni Mwalimu Odeta wa shule ya msingi ya pale. Bi Bagenda alisikiliza, akakata simu. Kesho yake alivuka maji.

Alimkuta Bi Ng'washi akifunga vyombo kwenye kanga. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamwomba asiendelee kufunga kwanza. Kisha akaenda mwaloni na mashahidi kumi na wanane, mmoja mmoja, kila mtu akasimama pale alipokuwa amesimama. Wote walisimama mahali pamoja, kwa sababu samaki wanauzwa mahali pamoja. Ukisimama hapo ukatazama ng'ambo, paa la Bi Ng'washi liko katikati ya njia. Halafu akamuuliza Mwalimu Odeta, ambaye naye aliiona taa, lakini akiwa shuleni. Odeta alisema yeye aliiona ikitokea juu ya kengele ya shule.

"Na hiyo kengele mmeipa siku ngapi ihame?" Bi Bagenda aliuliza.

Alichora mistari miwili kwenye ramani, mmoja kutoka mwaloni kupita kwenye paa, mwingine kutoka shuleni kupita kwenye kengele. Haikukutana kijijini. Ilikutana ng'ambo, kwenye ufukwe wa Pasiansi.

Alirudi jioni hiyohiyo, akafungua daftari langu tena. Safari hii hakusoma saa. Alisoma upepo. Aliniita, akaniuliza puto la Jumamosi nililirusha saa ngapi. Nilimjibu saa kumi na mbili. Akaweka kidole kwenye safu ya mwelekeo.

"Saa kumi na mbili upepo wa hapa unatoka ziwani. Wa kwako unatoka nchi kavu, na huo huanza kuvuma saa mbili. Upepo haujui zamu yako, Paulo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa mlinda mlango wa timu ya kiwanda kimoja Nyakato, na tulicheza kila Jumamosi jioni. Nilirudi kituoni saa mbili, nikafunga taa ndogo ya betri chini ya puto ili niweze kulifuata kwa darubini gizani, nikapima upepo wa kweli, kisha nikaandika saa ya uongo. Sikuona dhambi. Vipimo vilikuwa sahihi, nilijiambia. Nani ataumizwa na saa mbili?

Mkuu wa kituo wa wakati huo alishauri iende barua nyingine, ya kusema uchunguzi unaendelea. Bi Bagenda alikataa. Alisema barua ndiyo iliyomfikisha yule mama pale alipo. Jumamosi alivuka tena, safari hii kuhudhuria mkutano wa kijiji wa jioni hiyo, na mimi akaniacha Pasiansi na puto, taa na saa ya mkononi. Agizo lilikuwa moja: saa mbili kamili, si kabla, si baada.

Nilisimama na lile puto tangu saa kumi na mbili. Upepo ulikuwa wa ziwani, ukilisukuma puto kifuani kwangu. Saa moja ukafa kabisa. Saa moja na nusu bado majani hayakutikisika, na nilijua upepo wa nchi kavu usipoamka, puto litapanda wima, watu wa mwaloni hawataiona taa ikija juu ya paa kama walivyoiona, na Bi Ng'washi atahukumiwa kwa ushahidi wa Prudencia Bagenda mwenyewe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa penati. Maisha ya mtu yalikuwa mkononi mwangu, na aliyeyaweka hapo ni mwanamke ambaye haamini hata saa ya ukutani. Dakika kumi kabla ya saa mbili nilihisi ubaridi shingoni, kutoka milimani. Saa mbili kamili niliachia.

Yaliyotokea Nyamhalo nilisimuliwa na Mwalimu Odeta. Bi Bagenda alikuwa amesimama mbele ya mkutano na kusema barua yake ilikuwa na uongo, kwamba taa ni ya kituo. Watu waliguna. Kamanda wa sungusungu, mzee Ngosha, akanyanyuka.

"Mama, barua ya kwanza ulisaini wewe, ukapiga na muhuri. Leo unatuambia ni uongo. Haya ya leo tuyaamini kwa lipi?"

Wanasema alitabasamu, maana hilo ni swali ambalo angeliuliza yeye.

"Msiniamini," akajibu. "Nusu yenu waende shuleni. Nusu twendeni mwaloni. Na Bi Ng'washi aje nasi, asimame karibu yako, mzee, umshike mkono."

Walisimama. Nyumba ya Bi Ng'washi ilikuwa tupu, mlango umefungwa kwa nje, ufunguo kwa mtendaji. Saa mbili na dakika chache taa ikapanda nyuma ya paa lake, nyeupe, polepole, ikawajia. Wa shuleni wakapiga kelele kwamba iko juu ya kengele. Mzee Ngosha alikuwa bado ameushika mkono wa bibi. Odeta anasema hakuuachia hata taa ilipozimika.

Jalada lilifungwa wiki ile. Kwenye nafasi ya chanzo Bi Bagenda aliandika: "Puto letu." Kwenye nafasi ya aliyekosea aliandika jina lake mwenyewe, kwa kuwa aliyesaini ni yeye na hakumshuku aliyekaa jirani naye. Alipewa barua ya onyo. Mwaka 2018 barua hiyo ilimkosesha ukuu wa kituo, nafasi ambayo kila mtu hapa alijua ni yake. Hakulalamika, na hakunitaja. Aliniambia tu niache mpira au niache uongo, nichague. Niliacha mpira.

Nami sikusema. Miaka tisa watumishi wenzangu wamekuwa wakinong'ona kwamba Mama Bagenda, pamoja na ujuaji wake wote, aliwahi kukosea rekodi nusura auawe mtu, na mimi nilikuwa nimekaa hapohapo nikinywa chai. Sina kisingizio kinachofaa kuchapwa. Leo asubuhi nimewasilisha kwa mkuu wa kituo barua yenye saa za kweli za Jumamosi zile tatu, jina langu na saini yangu, nikiomba onyo lile lihamie kwenye jalada langu. Inauma kwamba nimengoja mpaka anaondoka.

Wasifu hutaja mafanikio ya mstaafu. Mafanikio makubwa ya Bi Prudencia Bagenda hayamo kwenye jalada lolote. Bi Ng'washi Luhaga alifariki mwaka juzi, kwa uzee, kitandani kwake, kwenye nyumba yake ya rasini, akiwa na miaka themanini na mmoja. Majirani walimzika.

Mama Bagenda, kituo kinakushukuru, na aliyeandika haya anakushukuru kwa uchungu zaidi. Tunakutakia uzee mrefu, nyumbani kwako, katikati ya majirani wasiokutilia shaka.