Dancille Uwamwezi, Aliyeshusha Chuma Bila Sauti

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Jumamosi, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, mwaka wa elfu mbili na ishirini na sita. Mvua imenyesha tangu kabla ya kengele ya misa. Ukungu bado umelala juu ya vilima vya Masisi, na barabara ni matope matupu. Hakuna pikipiki iliyopanda kutoka Kitshanga asubuhi hii. Poleni ninyi mnaotusikiliza kambini, chini ya mahema yanayovuja. Poleni na ninyi wa Walikale, maana tunaambiwa huko nako mvua ni ileile.

Leo tunamkumbuka Dancille Uwamwezi wa Kashuga. Mkulima. Mnyanyuaji wa vyuma. Amefariki Jumanne akiwa na miaka ishirini na tisa. Amezikwa juzi, Alhamisi.

Nimeomba kabla ya kukaa mbele ya mikro hii, nisiseme neno kwa hasira. Mungu ananiona. Hasira ninayo, lakini nitaishika.

Naanza na lile ambalo wengi wenu mmelisikia sokoni. Mmesikia kwamba Dancille ameuawa na sindano. Mmesikia kwamba alikuwa anajidunga dawa za kukuza misuli, zile ambazo wataalamu wanaziita steroidi, na kwamba moyo wake umepasuka. Wasikilizaji wapendwa, Dancille ameuawa na malaria. Daktari alipima damu yake akaikuta, tena ile kali inayopanda kichwani. Familia imeniruhusu kulisema hewani, nami nalisema mara ya pili kwa yule ambaye redio yake inakatakata. Ni malaria.

Sasa tumrudie Dancille mwenyewe.

Alizaliwa Kashuga, katika familia ya wakulima. Baba yake alifariki Dancille akiwa bado mdogo. Mama yake, Mama Nyiransabimana, alibaki na watoto wawili, Evode na huyu Dancille, na shamba la viazi na maharagwe lililo juu sana, mahali ambapo hata mbuzi hupumzika kabla ya kufika. Kila mfuko wa viazi ulishuka mgongoni mwa mtu. Mama anasema kwamba Dancille alipofika umri wa kubeba, aliubeba mfuko wa mkubwa. Walipomkataza, alicheka, akawaambia kwamba mfuko wa mtoto unamchosha, kwa sababu unamlazimisha kupanda mara mbili.

Evode, kaka yake, ni mkubwa wa kipoyi huko Kashuga. Kipoyi mnakijua, lakini nakieleza kwa ajili ya vijana waliokulia mjini. Ni kitanda cha mianzi chenye miti miwili mirefu. Watu wanne, mmoja kila ncha ya miti, wanakibeba mabegani, na juu yake amelala mgonjwa, au mama mwenye uchungu wa kuzaa. Barabara ikikatika, kipoyi ndicho gari letu. Kila nyumba inatoa mtu wa kubeba.

Kipoyi kina sheria yake, nanyi naomba muishike sheria hii, kwa maana habari yote ya leo inasimama juu yake. Mgonjwa hawekwi chini njiani. Ukichoka, mwenzako anaingiza bega lake chini ya mti, wewe unatoka, na safari inaendelea. Mkifika, mnakishusha wote pamoja, polepole, magoti yakikunjwa, mpaka miti iguse udongo bila sauti. Wazee wetu wanasema kipoyi kikilia, kimeita kaburi. Wengine wanaamini hivyo, wengine hawaamini. Lakini sote tunashusha polepole.

Hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Siku moja jirani alikuwa na uchungu wa kuzaa, na wanaume wengi walikuwa wamekimbia kwa sababu ya risasi. Walibaki watatu. Dancille akaweka bega lake chini ya ncha ya nne. Mmoja wa wale watatu akamtania kaka yake. "Evode, mwanamuke akibeba kipoyi, mugonjwa ataponea njiani sababu ya aibu."

Dancille akajibu, "Njo vizuri. Akiponea njiani, tutarudia hapa karibu, hatutafika mbali."

Hawakurudi kutoka njiani. Walifika, na mtoto akazaliwa salama. Tangu siku hiyo nyumba ya Mama Nyiransabimana ilitoa wabebaji wawili, na hakuna aliyecheka tena. Miaka kumi Dancille alibeba kipoyi. Fikirini mabega ya mtu kama huyo. Fikirini miguu yake.

Papa Barthélemy ndiye aliyemwingiza katika michezo. Papa Barthélemy ni mtu wa Walikale. Katika ujana wake alibeba mifuko ya kasiterite, yale mawe ya bati, kutoka mgodi wa Bisie, wakati ule mawe yalipotoka msituni kwa migongo ya watu, kabla ya mashine. Vita vilimleta Kitshanga, na hapo akafungua sale, yaani ukumbi wa mazoezi. Vyuma vyake vya kwanza vilikuwa ekseli ya lori na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Alimwona Dancille sokoni akipakia viazi kwenye lori peke yake, huku vijana wawili wa kupakia wamekaa wakimtazama. Akamwuliza kama angependa kujaribu kitu kilicho chepesi zaidi.

Nilimpigia simu jana. Aliniambia hivi: "Mimi sikumupa nguvu. Alikuja nayo. Mimi nilimuonyesha tu mahali pa kuweka miguu."

Nilimwuliza pia juu ya sindano. Akanijibu kwa swali. "Sisi tulikuwa tunabeba mufuko ya kilo makumi tano mu pori, siku mbili, na njaa. Nani alikuja kutuomba mukojo ya kupima?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo limenikosesha usingizi. Mtu akibeba kwa ajili ya tumbo la mwingine, nguvu yake haina kosa. Tunamlipa kidogo, naye anaenda zake. Lakini mtu yuleyule akipanda jukwaani abebe kwa ajili ya jina lake mwenyewe, mara tunauliza nguvu hiyo ameitoa wapi. Na akiwa mwanamke, hatuulizi hata. Tunajibu wenyewe.

Sasa tufike Goma, mwaka uliopita, kwenye mashindano ya jimbo.

Nawaeleza namna yanavyofanyika. Mnyanyuaji anakitoa chuma chini, anakipeleka juu ya kichwa, ananyoosha mikono. Mwamuzi akiridhika, anatoa ishara. Hapo mnyanyuaji ana ruhusa ya kukiachilia. Chuma kinaanguka, jukwaa linatikisika, watu wanapiga makofi. Wote hufanya hivyo, na hakuna ubaya wowote.

Dancille alinyanyua kilo mia moja. Mwamuzi akatoa ishara. Dancille hakukiachilia. Alikishusha mpaka mabegani, akakishusha mpaka mapajani, akakunja magoti, akakilaza sakafuni. Hapakusikika sauti. Papa Barthélemy anasema watu waliokuwa tayari kupiga makofi walishusha mikono. Kisha mtu mmoja nyuma akasema kwa nguvu, "Ule hapana muntu ya kawaida. Ule iko na sindano."

Watu walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomhukumu.

Klabu ya mshindani wake, yule wa nafasi ya pili, iliwaendea waandaaji. Walisema kwamba hakuna mwanamke anayeweza kunyanyua uzito ule na bado akawa na nguvu ya kuushusha namna ile. Hawakuwa na ushahidi mwingine. Hakuna aliyeona sindano. Hakuna aliyeona chupa. Waliona mtu akiweka kitu chini kwa heshima, wakasema ni dawa.

Dancille aliwaambia wachukue mkojo wake hapohapo, na damu pia kama wanataka. "Muilete chupa," alisema. "Nitajaza mbele ya bamama bote." Wakamjibu kwamba kipimo hicho hakifanyiki Goma, kwamba kinapelekwa mbali, kwamba wataona. Medali ya dhahabu ikawekwa kabatini, isubiri kipimo. Kipimo hakikuja. Miezi ikapita. Dancille akarudi Kashuga bila kitu shingoni, na uvumi ukafika kabla yake, maana pikipiki ni nyepesi kuliko miguu.

Sokoni walianza kumtania. Akinunua sombe, yaani kisamvu, muuzaji anamwuliza kama sindano zake zinashuka vizuri na sombe. Akipita, vijana wanajishika mikono kama wanaodungwa. Mama Nyiransabimana alitaka kwenda kugombana. Dancille akamzuia. Alimwambia mama yake kwamba atarudi jukwaani mwaka huu, na atashusha chuma vilevile, polepole, hata wamwite shetani.

Mashindano ya mwaka huu ni mwezi ujao.

Sisemi kwamba hakuna wanaotumia dawa hizo. Wapo, na zinawaharibu, na tuwaombee. Lakini anayeshitaki alete kipimo. Kama hana kipimo, hana shitaka. Ana wivu tu, au ana uvivu wa kuuliza. Mungu anamchukia anayemsingizia jirani, na sijaona mahali alipowaruhusu wale walio na redio, au wale walio na simu.

Mwisho wa wiki iliyopita homa ilimshika Dancille shambani. Alidhani ni uchovu. Siku ya pili alianza kusema maneno yasiyoeleweka. Barabara ilikuwa imekatika, kama mnavyojua. Evode akaita wenzake, wakatoa kipoyi. Safari hii Dancille alikuwa juu yake. Walimbeba katika mvua wakibadilishana mabega. Evode ananiambia kwamba hakukubali kubadilishwa hata mara moja. Walimfikisha hospitali akiwa hai. Walimshusha bila sauti. Akafariki alfajiri.

Na hata hapo, msibani, watu walinong'ona. Mtu mwenye nguvu vile hauawi na malaria, walisema. Hapana, wapendwa. Malaria haiulizi unanyanyua kilo ngapi. Mbu hatazami misuli.

Alhamisi nilikuwa Kashuga. Ningependa muone nilichokiona.

Asubuhi, kabla ya jeneza kutoka kanisani, alifika mwanamke mmoja kutoka Goma. Matope yalimfika magotini. Alikuwa amelala Kitshanga na kutembea sehemu kubwa ya njia. Jina lake ni Francine. Ndiye aliyekuwa wa pili. Ni klabu yake iliyoshitaki.

Watu walimjua upesi, na baadhi ya akina mama walimgeuzia mgongo. Francine alimwendea Evode akaomba kubeba. Evode alimtazama mabega kwa muda. "Dada, hii njia ni mbaya," alimwambia.

"Nimeipita kwa miguu," Francine akajibu.

Wakampa ncha ya nne.

Jeneza lilikuwa juu ya kipoyi. Walipanda kilima wakiimba, wakibadilishana mabega, na hapakuwa na aliyefikiria kupumzika. Francine alikuwa anahema. Nilimwona akishangaa kwamba hakuna anayesimama. Walipofika kaburini, akafanya kama alivyozoea. Alilegeza mikono ili auache mti. Evode akamshika kiganja.

"Polepole, dada. Kwetu hatuachilie. Hatuwekake muntu chini na sauti."

Wakakunja magoti wote wanne. Wakashuka pamoja, kidogo, kidogo, mpaka mianzi ikagusa udongo. Hapakusikika chochote ila mvua.

Francine hakuinuka. Alibaki amechuchumaa, mkono wake bado juu ya mti. Baadaye akageuza uso kwa Mama Nyiransabimana.

"Mama, njo sababu hakuangushaka chuma?"

Mama alimjibu bila hasira. "Njo vile alizoea. Miaka kumi alikuwa anabeba bagonjwa. Angeangushaje?"

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya Dancille. Ile waliyoiona Goma wakaiita sindano ilikuwa adabu ya Kashuga. Kama mmoja tu angeuliza, angejibiwa kwa sentensi moja. Hakuna aliyeuliza.

Tunampa pole Mama Nyiransabimana, aliyezaa mtu mwenye nguvu na kumfundisha upole. Tunampa pole Evode, na wabebaji wote wa kipoyi wa Kashuga. Tunampa pole Papa Barthélemy, na vijana wa sale yake. Bwana ampokee Dancille, na amshushe mahali pa raha bila sauti, kama yeye alivyowashusha wengine.

Nawe unayenisikiliza, leo usimame kidogo. Kuna mtu karibu nawe mwenye nguvu kuliko unavyoelewa. Labda ni mwili, labda ni akili, labda ni moyo. Kabla hujasema nguvu hiyo ameitoa wapi, nenda umwulize anabeba nini kila siku.

Namalizia na sauti ya Francine. Aliyasema maneno haya kaburini, amesimama mbele ya mama, mbele ya mchungaji, mbele ya kijiji kizima, mkono wake ukiwa umeinuliwa. Niliyanasa, nanyi ni mashahidi pamoja nasi.

"Mimi sikumushitaki Dancille, lakini nilinyamaza. Sasa waandaaji wananiita nikamate medali yake. Sitaikamata. Mwezi ujao nitapanda pale Goma, na nitawaambia ile medali iko ya Dancille Uwamwezi, wailete hapa kwa mama yake, ao walete kipimo. Kisha nitanyanyua. Na nikisha kunyanyua, nitashusha polepole. Nikishindwa, nishindwe. Lakini sitaangusha chuma tena, hata siku moja. Naapa mbele ya Mungu na mbele yenu. Na mwenye anataka kusema ni sindano, asimame aniseme mimi, niko muzima, nitamujibu."