Homa Iliyompata Wafula Hospitalini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na wale mmechoka! Mnisamehe nikitembeatembea hapa mbele. Tangu mume wangu Wafula alazwe, kutulia kumenishinda.

Mimi ni Mama Nekesa, nauza vitunguu sokoni Kitale. Wafula ni fundi wa kuezeka. Alianguka kutoka paa la shule kule Ndalu, mbavu zikavunjika, pafu likaumia. Akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikimpumulia. Mbavu zikaanza kuunga. Nikasema, Bwana, umetenda! Kumbe bado. Homa ikamlipukia pale pale kitandani. Wakabadilisha dawa, homa. Wakabadilisha tena, homa!

Daktari akaniita kando. "Mama, majeraha yanapona. Lakini amepata viini hapa hapa hospitalini, vikaingia mapafuni kupitia mpira wa kupumulia. Na vimezoea dawa zetu. Tumepeleka makohozi maabara, tuone kama iko dawa inaviweza."

Hapa hapa hospitalini! Mahali nimemleta apone!

Mama mkwe akafika kutoka Bokoli, leso kiunoni. "Nipeni mtoto wangu. Heri afie nyumbani."

"Mama, tukimtoa kwa mashine hatafika hata Webuye."

"Na akifia hapa, utaniambia nini?"

Nilizunguka ile korido nikiomba bila maneno. Nilinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka, maana nesi alisema viini vinasafiri na mikono yetu.

Majibu yakarudi. Iko dawa moja! Lakini hospitali haina. Shemeji Simiyu akaitafuta duka hadi duka, akaipata Bungoma.

Nikamwambia mama mkwe, "Nipe nafasi ya hii dawa tu."

"Haya. Lakini mimi sitoki hapa." Akaketi sakafuni.

Homa ikashuka. Ikapanda tena, nikapiga mayowe! Ikashuka, na haikurudi. Siku mpira ulipotolewa, Wafula alimtazama mama yake, sauti ikikwaruza, akauliza, "Mama, umekula?" Yule mama alilia mpaka manesi wakaja mbio.

Ndugu zangu, sitawadanganya. Kijana wa kitanda cha pili alikuwa na homa hiyo hiyo, na yeye walimfunika shuka. Mbona yeye? Bado namuuliza Mungu, na bado namshukuru, yote kwa pumzi moja.

Wewe uliye na mgonjwa na dawa zimekataa, usikimbie. Muulize daktari, umlilie Bwana, usiache hata kimoja. Yeye anasikia!

Baba Nekesa, hebu simama kanisa likuone.