Mzinga Ulioondoka na Korosho

Kijiwe kilichoitwa Kandjola kilikuwa kwenye kibaraza cha posta ya zamani, mkabala na mzunguko wa barabara. Benchi moja refu, jiko la mkaa, birika dogo la buluu lililobabuka rangi, na bilauri mbili za kupokezana. Hapo wanaume wa mji walikunywa warga, ile chai ya kijani inayochemshwa mara tatu kwa majani yaleyale, na kuamua mambo ya dunia ambayo dunia haikuwahi kuwauliza. Kwa miaka mingi kila aliyekaa pale aliutazama pale katikati mzinga wa vita wa Wareno, umelala upande kwenye gurudumu lake moja lililobaki, mdomo umeelekea mtoni. Mbuzi walikimbilia kivuli chake. Wagombea walibandika picha zao ubavuni mwake kila uchaguzi ulipofika. Asubuhi ile, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, Mortero alifika na fimbo yake akawakuta mbuzi wamelala juani.

Jina lake hasa lilikuwa Kidelé Na Biuta; Mortero ni mzinga mdogo wa kubebeka, jina alilopewa vitani. Aliingia msituni kupigana na Wareno kabla ndevu hazijaota, akabeba makombora mgongoni mpaka kwenye mapigano ya Guiledje, kambi yao kubwa. Alirudi na miguu yote na mikono yote, lakini sikio la kushoto lilibaki hukohuko. Alisimama kwenye ukingo wa barabara akitazama duara la udongo mkavu pale mzinga ulipokuwa. Kisha akavuka taratibu hadi kijiweni.

— Uko wapi?

— Nini? aliuliza Benfika, akipepea jiko kwa kipande cha boksi. Alikuwa fundi cherehani, na jezi nyekundu ya timu yake ya Lisboni alikuwa ameivaa mpaka ikawa rangi ya waridi.

— Usiniulize nini, bwana! Mzinga!

— Ahaa. Umeondoka alfajiri. Lori la korosho limeubeba. Wameufunika magunia.

— Nani wameubeba?

— Sasa Mzee, ningewauliza vitambulisho? Nilikuwa nakwenda msalani.

Mortero alikaa kwa kishindo. Mwenzao wa tatu, Infamara Djassi, alikuwa tayari amekunja miguu kwenye ncha ya benchi. Huyo walimwita Redio, maana alikuwa hazimwi, na akikosa habari alikuwa na za akiba.

— Kaa utulie, Mzee wangu, alisema Redio. Habari zote ninazo. Ni watu wa vyuma chakavu. Wananunua chuma mkoa mzima, wanapeleka Bissau, kinapakiwa melini kwenda Asia. Kikirudi huku ni sufuria. Mwakani utapikiwa wali ndani ya adui yako.

— Nani kawauzia? Mzinga ule una mwenyewe?

— Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Basi leo nyasi zimemuuza fahali mmoja.

— Hiyo methali umeivisha suruali kichwani, alisema Benfika.

Mortero hakucheka.

— Kila sikukuu ya uhuru, alisema, wanakuja hapa na suti zao, joto hili. Wanapanda pale, wanashika mdomo wa mzinga, wanapigwa picha. "Ndugu wapiganaji, damu yenu haikumwagika bure." Kumbe walikuwa wanaupima uzito!

— Mwambie, mwambie! alisema Benfika akipiga makofi. Mji hauna taa, hauna daktari. Tulikuwa na mzinga. Sasa hata mzinga!

— Tena mzinga wa Guiledje, alisema Mortero. Si kitu cha mchezo.

Redio aligeuka polepole, kama mtu aliyeguswa kwenye jipu.

— Wa wapi?

— Wa Guiledje.

— Mzee, nakuheshimu kama baba yangu mdogo, lakini hapo unazingua. Mzinga ule ni wa Komo. Mimi kwetu Komo. Sitini na nne, wewe ukiwa bado unalilia chuchu, Wareno walishuka kisiwani na meli, na ndege, na askari kama siafu. Wakakaa miezi miwili na zaidi. Walipoondoka, kisiwa kilibaki kwa nani? Kwetu. Hiyo ndiyo vita mama. Nyingine zote ni wajukuu.

— Komo mlikaa ndani ya matope mkingoja waondoke.

— Kukaa ndiko kushinda! Na nyinyi Guiledje mlipoingia kambini mlikuta nani? Si mlikuta sahani mezani? Mlipigana na vijiko!

Benfika alicheka mpaka povu la chai likamwagika. Mortero alilisogeza sikio lake zima, kana kwamba hakuamini alichosikia.

— Vijiko? We mtoto! Tuliwapiga siku na siku. Maji walikuwa wanayafuata nje ya kambi, tukawakalia njiani. Ndege zao zilikuwa zimeshaanza kuogopa, maana mwaka huo wa sabini na tatu tulikuwa na makombora ya kuzifuata angani. Wakashindwa. Wakatoka kwa miguu kimyakimya, jeshi zima la Ulaya, kama watu wanaokwepa mwenye nyumba. Kambi ya zege hiyo! Nimebeba makombora juu ya bega hili, nimemvuka rafiki yangu Tchuda akiwa amelala kwenye njia na macho wazi, sikusimama, maana aliyesimama alikuwa amezuia foleni. Halafu uniambie vijiko.

Benfika alimimina chai kutoka juu, uzi mrefu wa kahawia, akampa Mortero bilauri ya kwanza. Ilikuwa chungu, ya kukunja uso.

— Samahani, Mzee, alisema Redio. Lakini mzinga ni wa Komo.

Basi wakaanza upya. Redio akaleta ushahidi wa mjomba wake aliyeuona ukivutwa na ng'ombe. Mortero akauliza ni ng'ombe gani aliyevuka mto na mzinga mgongoni. Redio akasema ng'ombe wa Komo huogelea. Benfika akauliza kama ng'ombe hao walikuwa kwenye jeshi la majini. Raundi ya kwanza ikaisha, majani yakatiwa maji mapya.

— Mimi nawasikiliza, alisema Benfika, naona nyote hamjaelewa mchezo. Hao si watu wa vyuma chakavu. Hao wametumwa na Lisboni.

— Wewe unayeshangilia timu yao ndiye unayetuambia? aliuliza Mortero.

— Kwa kuwa ninaishangilia ndiyo maana nawajua! Mshindi wa vita anajulikanaje? Kwa kombe. Kombe letu lilikuwa lile pale. Wakilichukua, miaka ishirini ijayo watasema, onyesheni kombe lenu. Tutaonyesha nini, kinyesi cha mbuzi? Watadai mechi irudiwe!

— Irudiwe wapi? Guiledje sasa ni msitu mtupu.

— Uwanja wa nyumbani kwao. Na refa wao.

Redio alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayejua makubwa zaidi.

— Nyie wadogo. Chuma kilichokwishaua hakiyeyuki kuwa sufuria tu, sikilizeni. Kina kumbukumbu. Wazungu wana mashine ya kukisikiliza. Wanaweka chuma pale, wanasikia kila amri iliyotolewa, nani alipiga, nani alisaliti. Kuna wakubwa Bissau hawalali usingizi kwa sababu ya mzinga ule. Ndiyo maana umeondolewa alfajiri.

— Redio, alisema Mortero, leo betri zako zimechomwa na jua.

Hata hivyo hasira haikumtoka. Alitazama tena lile duara tupu. Mkewe marehemu aliwahi kumwambia kwamba anautazama mzinga ule kuliko anavyomtazama yeye. Angemwambia nini? Kwamba pale ndipo mahali pekee mji mzima ambapo mtu akipita anaweza kujua, bila kuambiwa, kwamba yeye Kidelé aliwahi kuwa kijana na alifanya jambo?

Alisimama.

— Twendeni kivukoni.

— Kufanya nini?

— Lori haliwezi kuvuka maji yakiwa yamekupwa. Huenda bado liko.

— Halikwenda kivukoni, alisema Redio. Nimelisikia kwa masikio haya mawili likishika barabara ya Bissau. Tena kivukoni kuna jua. Kaa, raundi ya pili hii. Haraka haraka haina baraka.

— Hiyo ni ya kula, si ya wizi.

— Ya yote. Na simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kwanza tukubaliane mzinga ni wa vita gani, ndipo tukadai. Tukifika mbele ya wakubwa mmoja anasema Komo, mwingine Guiledje, si watatucheka?

Ilionekana kama hekima. Benfika alimshika Mortero mkono kwa upole, akampa bilauri. Mortero alibaki amesimama kidogo, ameegemea fimbo, kisha akakaa.

Wakadai hapo hapo benchini. Waliunda kamati: Mortero mwenyekiti, Redio msemaji, Benfika mweka chai. Waliwatukana wanunuzi, wakawatukana wauzaji, wakawatukana wenye suti wanaopigwa picha. Redio aliahidi kulala mbele ya lori lolote litakalopita. Benfika akasema atashona bendera. Wakarudi kwenye Komo na Guiledje, na sauti zikapanda hata muuza karanga wa upande wa pili akahamisha meza yake. Jua likapita utosini. Maji ya raundi ya tatu yalikuwa yanaanza kuimba ndipo alipotokea mwanamke mzee kwenye barabara itokayo mtoni.

Alikuwa mwembamba, kanga yake imelowa matope mpaka magotini, na chupa tupu ya pombe ya miwa imening'inia mkononi. Walikuwa wamemwona miaka mingi, mara moja kila mwaka kabla ya mvua, akisimama mbele ya mzinga na kunyoosha kidole. Walidhani ana kichaa kidogo. Hakuwahi kuja kijiweni, na hakuna aliyewahi kumwuliza jina.

— Habari za hapa, wanangu.

— Nzuri, Shangazi. Karibu chai, alisema Benfika, akimpisha benchini.

— Sikai. Naitwa Kinta, natoka visiwani. Nimeshuka kwenye mtumbwi leo asubuhi, nikaukuta mzinga wenu kivukoni, juu ya lori.

Redio alishusha miguu yake chini.

— Kivukoni? aliuliza Mortero. Alidhani sikio limemdanganya. — Asubuhi?

— Asubuhi. Lori lilikuwa linangoja maji yajae. Mimi kila mwaka huja kuutukana ule mzinga. Ulitupiga toka huku ng'ambo, mashamba yetu ya mpunga yakawa mashimo. Kaka yangu N'dafa hatukupata hata cha kuzika. Basi namwagia N'dafa pombe kidogo, halafu nauambia, mimi nipo, na wewe huna gurudumu. Leo nilipoukuta umefungwa kamba kama ng'ombe wa machinjioni, nilikosa matusi.

Mortero alitaka kumwuliza kama kwao ni Komo. Aliona aibu.

— Nikamwambia dereva, huwezi kuuchukua, una wenyewe. Kijana si mbaya. Akasema, Mama, wakija wenyewe wakanikataza, nautua hapahapa, mimi nimeagizwa tu. Nikakaa mbele ya tairi. Nikamwambia, ngoja, mjini kuna wanaume waliopigana, wameshaona haupo, wako njiani. Akangoja. Maji yakajaa, pantoni ikaja, watu wa pantoni wakaanza kupiga kelele. Akaniuliza mara mbili, Mama, hao wenyewe wanakuja kweli? Nikasema wanakuja. Mara ya tatu akaninyanyua mwenyewe, kwa adabu, akaniweka pembeni.

Benfika alikuwa ameshika birika hewani, hamimini. Redio alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mama Kinta aliwaangalia mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua njia.

— Ni hapo tu chini, alisema. Hata mimi nimepanda kwa miguu. Mlikuwa wapi?

Mortero alinyanyuka kwa fimbo yake ili amjibu akiwa amesimama, kama inavyompasa mtu mzima mbele ya mfiwa. Alisimama. Mdomo ulifunguka, na kinywani mwake hamkuwa na Guiledje wala Komo.